Mkono Ndani ya Madigadi

Katika sanduku langu la vyombo, kile ninachokitoa kwanza hakipigi wala hakikati. Ni kipande cha sumaku kisichozidi ukubwa wa kidole gumba, nilichokifunga katika kitambaa laini cha pamba ili kisikwaruze rangi. Gari kuukuu likiletwa mbele yangu na mwenyewe akianza kulisifu, mimi humwacha aseme, huku nikipitisha sumaku ile polepole juu ya bati. Penye chuma hunata. Penye mastiki iliyopakwa nene ili kuficha shimo la kutu, huteleza na kuanguka mkononi mwangu. Mara nyingi mwenye gari hunyamaza hapo.

Vijana wa parokia waliponiomba niandike tafakari ya mwezi huu juu ya kazi na ukweli, nilifikiri kwanza kuwaandikia juu ya Mtakatifu Yosefu, kama inavyotazamiwa kwa mtu wa nyundo. Lakini juu ya Mtakatifu Yosefu mmekwisha kuhubiriwa na watu wanaonizidi elimu. Mimi najua mabati. Kwa hiyo, vijana wapendwa, nivumilieni: nitawaeleza jinsi fundi anavyolitambua bati la asili la gari la zamani na kulitenga na lile la nakala, kisha nitawaeleza jinsi nilivyoutumia ujuzi huohuo kumdanganya mtu aliyeniamini.

Gari lenyewe ni Volkswagen, ile ya mgongo wa mviringo ambayo wazee wetu wa Lubumbashi huiita Coccinelle hata leo. Kiwanda chake nchini Ujerumani kilianza kujengwa mwaka 1938, na gari la mwisho la umbo lile lilitoka katika kiwanda cha Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003. Kati ya miaka hiyo yaliundwa magari zaidi ya milioni 21. Yaliundwa Brazil, yaliunganishwa Ubelgiji, yakaundwa pia Uitenhage, Afrika Kusini, tangu 1951 hadi 1979. Madigadi zake nne, yaani yale mabati ya mviringo yanayofunika magurudumu, hazikulehemiwa kwenye bodi. Zimefungwa kwa boliti, na kati ya bati na bati umelazwa utepe mwembamba. Mtu akigonga nguzo, hakuhitaji kulikata gari. Alifungua boliti, akatoa madigadi iliyopondeka, akafunga nyingine. Wahandisi walifanya jambo la busara sana. Na kwa busara hiyohiyo wakafungua mlango wa nakala, kwa maana kipuri kinachofunguliwa kwa spana ni kipuri ambacho kila mwenye mashine ya kukandamiza bati atatamani kukitengeneza. Nakala hizo hutufikia kutoka kusini, kwa njia ya Kasumbalesa, zimefungwa katika makaratasi magumu, zimepakwa rangi nyeusi, zinang'aa.

Kuzitambua si uchawi. Geuza madigadi, usiitazame usoni. Usoni kila kitu kimepakwa rangi, na rangi ni msemaji hodari. Tazama upande wa ndani, ambako tope hurukia. Katika bati la kiwanda mara nyingi utaikuta alama ya VW ndani ya duara, na pengine namba ya kipuri, vimepigwa katika chuma chenyewe. Ukipitisha kidole unavisikia. Kisha tazama kingo. Mashine ya kiwanda ilikandamiza bati kwa nguvu nyingi na kwa kalibu nzuri, hivyo mkunjo wake ni mkali, mstari wake hauyumbi. Nakala nyingi zina mikunjo iliyolegea kidogo, kama shati lililopigwa pasi ya haraka. Bati lake pia mara nyingi huwa jembamba zaidi. Ligonge kwa ukucha: la zamani hujibu kwa sauti nzito, jembamba hulia kama kopo. Halafu yapo matundu ya boliti. Madigadi ya asili hukaa mahali pake yenyewe. Ya nakala huhitaji kubembelezwa, na wakati mwingine kuchongwa kwa tupa, na hata ikikaa, nafasi kati yake na bodi haitakuwa sawa juu na chini.

Taa nazo husema. Gari la mwaka 1966 lina taa za mbele zilizolala, zikifuata mteremko wa madigadi. Katika matoleo ya mwaka 1968 taa zimesimama wima. Mtu akikuonyesha gari la 1966 lenye taa zilizosimama, huna haja hata ya kuinama.

Kwa mabati yaliyolehemiwa, kazi ni nyingine. Kiwandani, ncha mbili za shaba hubana mabati mawili pamoja, umeme mkali ukapita, na chuma kikaungana mahali pale palipobanwa. Hubaki kibonyo kidogo cha mviringo, na baada yake kingine, na kingine, kwa umbali unaokaribiana, kama mshono wa cherehani. Fundi wa mtaani asiye na mashine hiyo hutoboa tundu, hulijaza kwa moto wa kulehemu, kisha husaga uvimbe. Kazi yake yaweza kuwa imara kabisa, wala simdharau, kwa sababu ndiyo kazi yangu. Lakini mpangilio wake ni wa mkono, na jicho lililozoea huuona hata chini ya rangi. Wenye fedha wana na kifaa cha kupimia unene wa rangi. Rangi ya kiwanda mara nyingi hufika kama mikroni 100 hadi 150. Kifaa kikisoma 600 mlangoni na 120 kwenye paa, mlango ule umepitia mengi.

Neno "asili" lenyewe lastahili kuangaliwa, kwa maana nililitumia miaka mingi bila kulielewa. Kuna bati lililozaliwa pamoja na gari hilo hilo, likatoka nalo kiwandani siku moja. Kuna bati lililotengenezwa na kiwanda kilekile, lenye chapa zote, lakini liliuzwa kama kipuri na likafungwa miaka ishirini baadaye. Na kuna nakala, iliyotengenezwa na mtu mwingine kabisa. Hakuna hata moja kati ya hayo matatu iliyo dhambi. Kama si nakala, magari mengi yanayopita Barabara ya Kasumbalesa yangekuwa sufuria. Muuzaji anayeweka nakala mezani na kusema "hii ni nakala, bei yake ni hii" amelala salama. Tena, mambo yote niliyoyaeleza hapo juu, ya chapa na kingo na sauti, humwezesha fundi kujua bati limetoka wapi. Lakini yule anayejua nakala hugunduliwa kwa ishara gani, ndiye pia anayejua ni ishara gani za kufuta.

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka 24, nikifanya kazi katika garaji moja ya Lubumbashi nisiyopenda kuitaja. Mwenye garaji alikuwa amenunua Coccinelle ya mwaka 1966 iliyokaa miaka mingi chini ya mwembe, magurudumu yamezama udongoni. Habari zikafika mbali. Siku moja akaja mtu kutoka Likasi, mwenye umri wa miaka arobaini na kitu, mpole, amebeba bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na karatasi za gari za zamani, zenye jina la marehemu baba yake. Akaniomba niinue kiti cha nyuma. Nikakiinua, nikasugua kwa brashi ya waya mahali ambapo namba ya chasisi imepigwa, juu ya ule mgongo wa chuma unaopita katikati ya gari. Yeye akasoma karatasi, mimi nikasoma chuma, tarakimu baada ya tarakimu, kama watu wanaoitikiana litania. Zililingana zote.

Akakaa juu ya tairi, akanyamaza kitambo. Kisha akanieleza. Baba yake alikuwa mkuu wa shule ya msingi ya misheni, naye alilinunua gari lile kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao. Jioni moja ya mwaka 1975 aligonga nguzo ya daraja, madigadi ya mbele ya kushoto ikapondeka. Fedha za fundi hazikuwapo. Akaifungua mwenyewe uani, akaweka gogo chini, akaanza kuipiga kutoka ndani kwa nyundo ya kuvunjia mawe, mpaka usiku ukawa mwingi.

"Mimi nilishika taa," akasema yule mtu. "Nilikuwa na miaka tisa. Moshi wa koroboi ulinichoma macho, na Papa akinikaripia: usitikise, usitikise."

Gari liliuzwa katika miaka mibaya, baba alipokwisha kufariki na mama alipougua. Sasa alikuwa amelitafuta kwa muda mrefu. Akalala chali udongoni, na suruali yake safi, akapenyeza mkono nyuma ya gurudumu. Nilimwona anafumba macho. "Ipo," akasema. Nami nikatia mkono baada yake, nikazisikia: makonzi ya nyundo yasiyo na mpangilio wa kifundi, mengine yamezidi nguvu, mengine yamekosea njia, kwa sababu mwalimu hakuwa fundi, na taa ilikuwa inatikisika.

Alipokuwa akilipa nusu ya fedha, alitoa sharti moja tu. "Mabati mengine fanyeni mnavyojua. Hii msiibadilishe. Itengenezeni." Akaongeza fedha kwa ajili ya hilo. Mwenye garaji akamshika mkono, akasema ndiyo.

Lakini madigadi ile ilikuwa imeliwa na kutu kwenye ukingo wote wa chini na kuzunguka taa. Kuiokoa kulitaka siku kumi na zaidi za kukata, kuunda vipande, kulehemu kidogo kidogo. Nakala ilikuwa tayari imesimama ukutani, imenunuliwa kwa bei ndogo, na kuifunga ni kazi ya asubuhi moja. Mwenye garaji akaniita kando. "Yeye anataka alama," akasema. "Wewe mpe alama." Akaniahidi dola 50 juu ya mshahara wangu. Mke wangu alikuwa mjamzito, na kodi ya nyumba ilikuwa inadaiwa. Nayaandika haya kwa kuwa ni kweli. Hayanipunguzii kitu, maana mnunuzi naye alikuwa na watoto.

Nilifanya kazi ile vizuri. Sijapata kufanya kazi nzuri kuliko ile katika ujana wangu, na hilo ndilo linaloniuma. Nilikata kutoka katika madigadi ya zamani kile kipande cha ukingo chenye chapa ya VW, nikakilehemu katika nakala, nikasaga mshono hata ukucha usiusikie. Kisha nikaziweka zote mbili sakafuni, ya kweli kushoto na ya uongo kulia, zimelala kifudifudi kama mabeseni mawili. Nikachukua nyundo nzito, nikaanza kunakili makonzi ya mwalimu. Moja baada ya jingine. Nilipima kwa vidole, nikapiga. Pale alipokosea, nilikosea. Kulikuwa na mahali nyundo yake iliteleza ikaacha mkwaruzo mrefu. Niliufanya mkwaruzo ule mara mbili, kwa kuwa wa kwanza ulitoka mfupi. Mwishowe nikapaka rangi nyeusi iliyofifishwa kwa vumbi, nikasugua mafuta machafu na tope. Madigadi ya kweli nikaitupa nyuma ya garaji.

Mtu wa Likasi alikuja kuchukua gari siku ya Jumamosi pamoja na mwanawe, mtoto wa miaka kama kumi. Hakutazama rangi, wala viti, wala injini iliyokuwa imetupa taabu. Alipiga magoti mbele ya gurudumu la kushoto, akatia mkono, akautuliza pale. Kisha akamwita mtoto. "Weka mkono wako hapa," akamwambia. "Unasikia? Hii ni kazi ya babu yako."

Mtoto akaweka mkono. Akasema anasikia.

Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka hapo, nikifuta spana iliyokuwa safi tayari.

Ikapita miezi. Mtoto wetu akazaliwa, kodi ikalipwa, mambo yakaenda. Niliendelea kuimba katika kwaya na kuhudhuria sala za jumuiya kila juma. Nilijiambia kwamba yule mtu amefurahi, na furaha yake ni ya kweli hata kama bati si la kweli. Nadhani kila mwongo huifikia hoja hiyo mapema au baadaye, nayo hufanya kazi kwa muda. Ilianza kushindwa Kwaresima iliyofuata. Katekista alikuwa akitufundisha juu ya amri ya saba, akatusomea fungu la 2409 la Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ambapo udanganyifu wa biashara na rushwa vinatajwa pamoja na kazi iliyofanywa vibaya. Vijana wenzangu wakacheka kidogo, wakitazamana, kwa sababu kila mmoja alimjua fundi wa namna hiyo. Nami nikacheka. Kazi yangu haikufanywa vibaya, nikawaza. Ilifanywa vizuri mno.

Nikaenda kuungama. Padri alisikiliza kwenye chumba kidogo kando ya sakristia, chini ya picha ya Mwenyeheri Isidori Bakanja, mlei mwenzetu aliyekuwa msaidizi wa waashi. Siri ya kitubio inamfunga padri, hainifungi mimi, kwa hiyo naweza kuwaambia alichoniuliza. Nilitazamia ataniuliza juu ya fedha. Akaniuliza:

"Na ile ya kweli iko wapi?"

"Nyuma ya garaji, Padri. Kuku hutagia ndani yake."

"Basi haijapotea," akasema.

Kisha akanieleza jambo ambalo Katekisimu inalifundisha wazi, nami sikuwahi kulitilia maanani: kwamba ondoleo linafuta dhambi, lakini haliponyi madhara yote ambayo dhambi imeyaleta, na aliyemdhulumu mwenzake anapaswa kurudisha. Akanikumbusha Zakayo, aliyeahidi kurudisha mara nne. Nikamuuliza kama ningeweza kumtumia yule mtu fedha bila kumwambia sababu. Padri akasema fedha ni sehemu ndogo ya nilichokichukua.

Nilimwambia kwanza mwenye garaji, kwa kuwa sikutaka asikie kwa mwingine. Siku hiyohiyo nikawa sina kazi. Nikaenda nyuma, nikawafukuza kuku, nikaiosha madigadi kwa maji na brashi. Makonzi yote yalikuwapo. Kulikuwa na tundu pale nilipoikatia chapa. Nikaifunga katika shuka, nikapanda basi la Likasi, safari ya kilomita kama 120, nimeipakata mapajani kama mgonjwa. Abiria mmoja aliuliza kama nimebeba beseni la harusi.

Yule mtu alinipokea vizuri, akanikaribisha kiti, akaagiza maji. Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Nilifungua shuka sakafuni, nikamweleza yote bila kukaa. Sikujua kuyapanga maneno. Nilianza na kipande cha chapa nikamalizia na kuku. Hakunikatiza. Nilipomaliza, hakupiga kelele kama nilivyotazamia, na kwa kweli nilitamani apige. Aliinama, akatia mkono ndani ya madigadi ya zamani, akaukaza hapo kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Basi mwanangu alishika nini?"

"Alishika mkono wangu, Papa," nikamjibu.

Nikaweka dola 50 juu ya meza. Hakuzigusa. Akanisindikiza hadi langoni kwa adabu yote, akafunga lango.

Nilirudi Lubumbashi bila madigadi na bila jibu. Kwa wale wanaofikiri kwamba ukweli ukisemwa moyo huwa mwepesi papo hapo, mimi ninaweza kushuhudia kwamba majuma matatu yale yalikuwa mazito kuliko miezi ya kunyamaza. Nilifanya vibarua vya kubeba saruji. Kisha simu ikalia, na sauti ya Likasi ikasema: "Ulete vyombo vyako."

Kwa Jumamosi saba nilipanda basi alfajiri. Zile dola 50 ndizo zilizonunua bati na gesi. Tuliifungua nakala, tukaiegemeza ukutani, nami nikaanza kuiokoa ile iliyonipasa kuiokoa tangu mwanzo. Kutu niliikata mpaka kufikia chuma kizima, na chuma kizima kilianza mbali kuliko nilivyodhani. Nililifinyanga bati jipya juu ya gogo kwa nyundo nyepesi, nikalijaribu, nikalirudisha, nikalijaribu tena. Bati jembamba likipata moto mwingi hujikunja kama jani, hivyo nililehemu nukta moja hapa, nukta nyingine kule mbali, nikapoza kwa kitambaa chenye maji, nikasubiri. Kipande chenye chapa nilikitoa katika nakala, nikakirudisha kwao. Sehemu iliyopigwa na mwalimu sikuigusa hata kwa brashi ya waya.

Ilipofika wakati wa kusaga mshono, nikashika mashine kwa mazoea. Mwenye gari akaniwekea mkono begani.

"Nje lainisha kama upendavyo," akasema. "Ndani, usiufiche."

Basi mshono upo mpaka leo, mstari uliovimba kidogo unaopita ndani ya madigadi kutoka chini ya taa hadi nyuma ya gurudumu. Mtu yeyote mwenye vidole atautambua. Mchunguzi wa magari ya kale angeandika kwamba madigadi hii imekarabatiwa, na bei ingeshuka. Ile nakala alinipa niende nayo. Imetundikwa katika karakana yangu ndogo, imeandikwa NAKALA kwa rangi nyeupe, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu humfumba macho kwanza, nikampa kuipapasa, pamoja na bati jingine la asili, mpaka aweze kuniambia ipi ni ipi. Wengine huichagua nakala, kwa sababu ya makonzi. Huwa nawaambia ni nani aliyeyapiga.

Jumamosi ya saba giza lilituingilia kabla sijamaliza kukaza boliti. Umeme ulikuwa umekatika katika mtaa ule. Mtoto akaleta tochi, akachuchumaa kando yangu, na mwanga ukawa unacheza huku na huku juu ya chuma, mpaka nikajikuta karibu kumwambia asitikise. Baba yake alisema kabla yangu. Kisha sote wawili, mimi na baba, tukanyamaza, na mtoto akatutazama asijue tumekumbuka nini.

Boliti ya mwisho ilipokaza, mtoto akatia mkono ndani bila kuambiwa. Alipapasa kwa muda, vidole vyake vikagonga mshono.

"Hii ni ya babu au ni ya huyu?" akauliza.

Baba akaingiza mkono wake juu ya mkono wa mtoto, akausogeza polepole.

"Mpaka hapa ni babu," akasema. "Kuanzia hapa ni huyu."